Jina la Mama Limeingia Msituni

Kilifi,
Jumapili, 2 Novemba 2025.

Kaka yangu Kaingu,

Jina la mama yetu lilipotea katika ukoo huu tarehe kumi na tano Juni, hapo Sabaki, siku uliyomwinua mwanao wa kwanza wa kike mbele ya watu ukamwita Cindy. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalainika. Sasa, hujambo kaka? Kifua kimepungua? Mahindi ya bondeni yamesalimika, au mto umekula tena? Wifi Monicah hajambo, na mtoto ameanza kukaa? Sisi huku ni wazima. Watoto wanasoma, na baba yao Jefwa anakusalimu. Natumia karatasi maana simu zangu umezikata zote, na karatasi haikatiki hivyo.

Nasikia unawaambia watu kuwa dada yako analipwa kutazama nyani kwenye televisheni. Kaka, nyani ana mkia. Hawa ni sokwe. Na mimi niliyekaanga viazi karai pale stendi ya Malindi hadi nikajilipia masomo ya kompyuta, siwezi kukalia kiti kwa mchezo. Kazi ni hii: katika msitu mmoja huko magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, kamera zimefungwa mitini. Mnyama akipita, kamera inajiwasha. Picha zinaletwa kwetu Kilifi, nasi tunamtambua kila sokwe kwa uso, kwa masikio na kwa mwendo, kisha tunawahesabu. Miaka mitano iliyopita walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Leo ni mia mbili themanini na saba. Kwa hesabu hiyo wakubwa wanapanga bonde gani lifungwe wakata miti wasiingie, na askari wa msitu wapige kambi wapi. Nikimhesabu mmoja mara mbili, bonde linaonekana salama kumbe linakwisha.

Mwanzoni nilicheka kama wewe. Tevin, tunayekaa naye meza moja, amempa dume mmoja jina la Mheshimiwa, eti kwa kuwa huonekana tu matunda yakiiva, na akishashiba hamjui mtu. Kicheko kilinikauka siku nilipomwona Sikio.

Sikio ni jike, sikio lake la kushoto limechanika. Alikuja kijitoni, akachuma majani, akayatafuna kidogo, akayachovya majini yakanyonya kama sifongo, akayakamua mdomoni mwake. Kisha akachovya tena, akamkamulia mwanawe. Hakuna aliyemfundisha ila mama yake, na huyo alifundishwa na wake. Nilijikuta nimejifunika leso kichwani mbele ya kompyuta kama niliyeingia kanisani.

Baada ya mvua kubwa za Machi mwaka jana, yule mtoto alikufa. Sikio hakumtupa. Kamera baada ya kamera nilimwona akipita naye mgongoni, amekwisha kukauka kama samaki wa kuanikwa, na mama anampungia inzi kwa kitawi. Wenzake walimpisha njia kimya. Nilimkumbuka Mama siku alipofariki ndugu yetu Mwaro, alivyokataa kumtua kutoka mapajani hata wazee walipokuja na sanda. Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Mimi nakumbuka, na sikujua kwamba kuna kiumbe mwingine duniani anayelijua jambo lile.

Mwezi uliopita Sikio, ambaye kamera hazikuwa zimemwona kwa muda mrefu, akatokea na mtoto mpya kifuani, wa kike, wa miezi kama sita, uso mweupe kama ganda la yai. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Na desturi ya ofisi yetu ni kwamba anayemwona mtoto kwanza ndiye anayempa jina.

Wiki ile ile wifi alikuja hospitali ya hapa kumchanja mtoto, akashukia kwangu. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimlaumu yeye, nikisema ni mambo ya watu wa bara. Kumbe aliniambia hata kwao msichana wa kwanza hurithi jina la bibi mzaa baba, na alikuwa tayari kabisa kumwita Pola. Ni wewe uliyesema jina hilo linanuka moshi wa kuni.

Kaka, moshi huo ndio uliokupikia ukasoma. Nami siwezi kulirithisha, maana watoto wangu ni wa ukoo wa Jefwa. Mwaro hayupo. Umebaki wewe peke yako. Basi ninakiri: kesho yake nilikwenda kazini na hasira zangu, nikampa mtoto wa sokwe jina la Mama. Anaitwa Pola.

Nilitaka likuchome. Nilipomweleza shangazi Abigael alishika kichwa, akaniuliza kama nimerogwa. Alisema chenye pumzi kikipewa jina la marehemu, roho ya mwenyewe hulifuata, na haliwezi kuitwa pande mbili. Nikarudi kumtazama yule mtoto ili nilifute. Alikuwa ameketi kijitoni, mkononi ana jani moja, analichovya majini kinyume, anashangaa kwa nini halinyonyi. Mama yake akamgeuzia jani, akaacha mkono wake juu ya ule mdogo. Sikuweza kulifuta, Kaingu. Hasira niliyokuwa nayo niliitafuta nisiione. Niliona tu kwamba kuna mahali Mama ameitwa kwa jina lake, na watu wazima wenye bunduki wanapangwa usiku na mchana ili asiguswe.

Lakini wewe ndiye mwenye haki, na sitakuibia. Mpango mpya wa miaka mitano, wenye majina ya sokwe wote, unakwenda kupigwa chapa Ijumaa hii. Ukisema unalitaka jina kwa mwanao, nitamtafutia sokwe jingine, na nitakuja Sabaki na mbuzi tumwite upya mtoto wetu. Ukisema hulitaka, litabaki msituni, na tusilaumiane mbele ya kaburi.

Msalimie wifi sana, umbusu mtoto kwa niaba yangu, na uwasalimie majirani wote wanaoniulizia. Barua anakuletea kijana wetu Kalume. Nirudishie jibu kwa mkono wake huyo huyo.

Mimi dada yako,
Zipporah

Ijumaa saa sita mchana, kaka. Sitaki maelezo wala wasiwasi wa watu watasemaje. Unalichukua jina la mama yako, ndiyo au la?