Bahari Inayoteremka

Jumanne, usiku

Gundi bado imeganda vidoleni, lakini hasira za asubuhi zimeisha.

Niliwaambia watoto wa darasa la awali wabandike karatasi ya bluu chini, iwe bahari, kisha samaki ndani yake. Karibu wote wakaibandika mshazari, kutoka kona ya juu hadi ya chini, kama mfereji unaoshuka mlimani kwenda migombani. Nikaudhika. Karatasi za bluu ndizo zilizokuwa za mwisho, na Ijumaa wazazi wanakuja kuangalia kazi za ukutani.

Nikachukua kazi ya Ndeshi, nikailaza ile bluu sawa. "Bahari haiteremki," nikamwambia. Ndeshi, ambaye tangu shule ifunguliwe hajanitamkia neno, akaishika karatasi yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, maji yakilala hivyo yatafikaje kwa bibi kule chini?"

Nikamrudishia gundi, na bahari yake ikabaki inateremka.

Sijui kama kesho atanyamaza tena. Naogopa hilo.

Kila mchana mama yake huniuliza getini, "Leo amesema?" nami huangalia chini. Leo nilimwahi.

"Amesema, mama Ndeshi. Tena amenibishia."