Mtani Hapigwi Mtama

Mikumi,
14 Machi 1993

Mpendwa Mjomba Beda,

Shikamoo. Habari za Kidete na mvua? Bibi anaendeleaje na kifua? Mimi sijambo. Bado niko pale pale nyumba ya wageni, natandika vitanda, nabeba ndoo za maji ya kuoga na kuwachekea watu nisiowajua.

Marehemu mama aliniachia neno moja: jambo zito mpelekee mjomba wako. Basi nalileta. Wiki iliyopita dereva mmoja wa malori ya Zambia alimfungia chumbani mwenzangu Katarina, alipompelekea taulo. Katarina akapiga yowe, mpishi akaja mbio na mwiko wa ugali, ndipo yule mtu akafungua mlango huku anacheka, eti alikuwa anamtania. Tajiri wetu katuambia tusiwaudhi wageni. Siku hizi kila kitu ruksa, nyumba za wageni zimejaa barabara nzima, na mteja akinuna anavuka tu upande wa pili.

Mjomba, naogopa. Kila nikigonga mlango na taulo mkononi naogopa. Nataka kujifunza kujihami, na hapa wapo wanaofundisha. Naomba ruhusa yako.

Mpwa wako,
Yudith

*

Kidete,
2 Aprili 1993

Mpwa wangu Yudith,

Marahaba. Sisi wazima kiasi. Mto Mkondoa umekula mahindi ya bondeni na kuacha reli inaning'inia, kwa hiyo gengi letu zima la reli tuko huko tunajaza mawe. Bibi yako kifua kinamsumbua lakini mdomo haujambo, jana kamtukana jogoo kwa kuwika vibaya.

Jibu langu ni fupi. Rudi nyumbani. Mtoto wa kike ajifunze kupigana ili ampige nani? Tembo? Maana hao ndio majirani zako huko. Na watu wakisikia unarusha mateke, nani atakuja kuposa? Mimi ndiye nitakayeulizwa, si baba yako.

Nilimgusia Kashindye, yule Msukuma wangu. Unamkumbuka: ng'ombe wake wanakula mahindi yetu na yeye anakula ugali wetu, na kwa kuwa ni mtani hatuna pa kushtaki. Amecheka mpaka kofia ikamdondoka. Anasema Wasagara wanaume wenyewe hawajui kupigana, sembuse binti zao.

Rudi, shamba lipo.

Mjomba wako,
Beda

*

Mikumi,
25 Aprili 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na poleni sana na mto. Mimi mzima wa afya.

Nikirudi nitalima nini, matope? Hapa nina kazi, na wadogo zangu wanavaa sare za shule kwa kazi hii. Sitaki kuikimbia. Nataka niifanye bila kuogopa mlango. Tembo waache, hao hawaombi taulo.

Nimekwenda kutazama walimu, kutazama tu, bado sijaanza. Wako wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Frank, kijana wa Morogoro, anafundishia nyuma ya kibanda cha video. Ana suti nyeupe na mkanda mweusi, anavunja matofali kwa kiganja, na teke lake linafika juu ya kichwa cha mtu mrefu. Nikamuuliza: mtu akinikamata kwa nyuma kwenye chumba kidogo kilichojaa kitanda, nifanyeje? Akasema hilo ni somo la mbele sana, kwanza nijifunze kusimama.

Wa pili ni Mama Generoza, mstaafu wa magereza, mnene, mkali, jioni anawakusanya wanawake uwanja wa shule. Nikamuuliza swali lile lile. Akasema, "Haya, nikamate." Nikamkamata. Sijui kilichofuata, Mjomba. Nilijikuta chali, vumbi mdomoni, na yeye ananiuliza kama nimeelewa.

Wa kwanza anapendeza kumtazama. Ungekuwa wewe, ungemchagua nani?

Mpwa wako,
Yudith

*

Kidete,
16 Mei 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunaendelea, treni zimeanza kupita tena polepole.

Una ujanja wewe, wa mama yako mtupu. Unajua nilicheza mieleka ujanani, ndiyo maana unaniuliza swali ambalo siwezi kulinyamazia. Sasa sikiliza. Tofali halimkabi mtu. Tofali linakaa kimya linasubiri kuvunjwa. Teke la juu kwenye chumba chenye kitanda utapiga chandarua. Nenda kwa huyo mama.

Nimesoma barua yako kwa sauti, na bibi yako amesema nikuache ujifunze. Anasema enzi zake angepatikana mwalimu kama huyo, babu yako angelala jikoni mara nyingi.

Ruhusa nimekupa, lakini kwa sharti. Usijifunze ili kujionyesha, na ukija nyumbani utanionyesha mimi kwanza, nikague kama ni kitu au ni mchezo.

Mjomba wako,
Beda

*

Mikumi,
8 Agosti 1993

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Habari za mavuno? Hapa baridi imepungua, mimi mzima ila nina maumivu ya mwili mzima.

Mwanzo ilikuwa kuanguka tu. Kuanguka mbele, kuanguka nyuma, kuanguka ubavu. Nikamuuliza Mama Generoza, kwani nimekuja kujifunza kushindwa? Akasema asiyejua kuanguka anaogopa kuangushwa, na mwoga hushikwa kirahisi. Kisha tukajifunza kupiga yowe. Usicheke! Wengi wetu tumefundishwa kunyamaza, sauti haikutoka. Kisha kujinasua mkono: unapita pale kidole gumba cha aliyekushika kilipo, si unavuta kama ng'ombe.

Sasa tuko kwenye kukabwa kwa nyuma. Unateremsha kidevu, unasukuma nyonga, unampiga mtama, anakwenda chini. Tunarudia mpaka giza linaingia. Mama anasema mwili ujibu kabla kichwa hakijauliza. Juzi Katarina, ambaye naye kajiunga, alinishika bega jikoni nikamwangusha pamoja na sufuria ya maharage. Tulicheka mpaka machozi. Mpishi hakucheka.

Na mlango, Mjomba, nagonga siku hizi bila moyo kunidunda. Mwambie bibi nakuja kumwonyesha.

Mpwa wako,
Yudith

*

Kidete,
10 Oktoba 1993

Yudith,

Leo sina salamu. Uliondoka alfajiri bila kuaga, kwa hiyo nitakuandikia ambayo ungeyasikia ukikaa.

Tumemzika mama yangu. Kashindye alifanya wajibu wake wa mtani. Alivaa khanga ya marehemu, akainama kama alivyoinama, akakohoa kama alivyokohoa, na watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Ndiyo kazi ya watani msibani, wametufanyia hivyo tangu enzi za mababu. Akaja nyuma yako, akakukaba shingo, akasema kwa sauti ya bibi yako, "Nipe ugoro wangu, we mtoto!"

Nawe ukamtupa chini mbele ya waombolezaji wote. Mkono wake umevunjika, tulisikia mlio. Kamati nzima ya msiba ikasimama na mabakuli mkononi. Kule kisimani wanasema binti wa Kisagara kampiga bibi yake mwenyewe mtama siku ya kumzika.

Mtani akikunyang'anya nguo, unacheka. Akikutukana, unamtukana. Hasira haimo. Sijawahi kusikia mtu aliyemvunja mtani msibani, na wazee walionikalisha kitako nao hawajawahi kusikia. 

Mafunzo hayo basi. Sitaki kusikia tena umemgusa mtu, hata kwa mchezo. Niahidi kwa maandishi.

Beda

*

Mikumi,
24 Oktoba 1993

Mjomba wangu,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia. Poleni kwa msiba wetu. Mkono wa Baba Kashindye unaendeleaje?

Sikuwa na hasira, Mjomba. Sikuwa na kitu chochote kichwani. Nilihisi mkono shingoni, na nilipojitambua alikuwa chini na khanga ya bibi imemfunika uso. Nilidhani nimemuua. Niliondoka kwa aibu, maana nilishindwa kukutazama wewe. Bibi nampenda, na sikumlilia vizuri.

Nilimweleza Mama Generoza. Akakaa chini kabisa, akasema kosa ni lake, ametufundisha mkono hajatufundisha jicho. Tangu siku hiyo kila mmoja anaanza kwa kuuliza "Nani?" kwa sauti kubwa, na kugeuza uso, kabla ya lolote. Amenisihi nirudi nijifunze hilo.

Nimemkatalia. Mjomba amesema basi, ni basi. Nakuahidi kwa mkono wangu: sitamgusa mtu.

Mpwa wako,
Yudith

*

Kidete,
27 Desemba 1993

Mpwa wangu Yudith,

Marahaba. Noeli imepita salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu nyumba yangu imevamiwa.

Kashindye amehamia hapa. Anasema mkono umefungwa plasta hawezi kushika jembe, na aliyevunja ni damu yangu, kwa hiyo nimlishe. Asubuhi anataka uji wa maziwa, na maziwa ni ya ng'ombe wake mwenyewe, anataka niyachemshe mimi! Kila mgeni akija anaeleza alivyopigwa na bibi kizee. Siku hizi katika masimulizi yake bibi kizee amekuwa na mkuki.

Faini ya huo mkono bado hajaitaja. Nimempa jogoo, amekataa. Mbuzi, amekataa. Anasema ataitaja akipenda, na unajua faini ya mtani haikataliwi.

Lile nililosema halijabadilika. Mwanamke akitulia, Mungu anamlinda. Kaa vizuri na watu.

Mjomba wako,
Beda

*

Mikumi,
19 Februari 1994

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi nimepona sasa, ndiyo maana naweza kuandika.

Mwezi uliopita, mchana kweupe, mgeni mmoja aliomba ndoo ya maji. Nilipoiweka chini akausukuma mlango kwa mguu, akanikaba kwa nyuma. Mikono yangu ilijua la kufanya. Kidevu kilishateremka chenyewe. Lakini nikaiona khanga ya bibi, nikamwona Baba Kashindye chini, nikakuona wewe umesimama katikati ya watu. Nilikuwa nimekuahidi. Mikono ikalegea, na yowe nalo likakwama.

Akanisukumia kwenye chuma cha kitanda. Nimepoteza jino la mbele. Aliyeniokoa ni Katarina. Yeye hakuacha mafunzo, hana mjomba aliyemkataza. Alisikia ndoo ikianguka, akaingia, akaniita jina, akamwona yule mtu, na yule mtu akaenda chini, akabanwa pale mpaka polisi walipofika. Alichokitaka hakukipata. Ujue hilo kwanza, ulale.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Nimeandika, nikafuta. Nakulaumu. Nimekutii, na utii wangu umeniponza. Mungu analinda, sikatai, lakini siku ile alimtuma Katarina, na Katarina alikuwa amefanya mazoezi.

Sitarudi Kidete kwa sasa. Ukitaka kunijibu, nijibu.

Mpwa wako,
Yudith

*

Kidete,
13 Machi 1994

Mpwa wangu Yudith,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo yako sikuistahili.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa kwenye reli, nikairudia mpaka wenzangu wa gengi wakaondoka. Jioni nikamsomea Kashindye. Huyu mtu hula hata akiwa na homa, lakini safari hii aliisukuma sahani ya ugali.  Kesho yake asubuhi akaniambia, "Beda, faini yangu nimeipata."

Aliyekuletea barua hii ni Jenipher, binti yake. Walipanga aje huko kuuza maziwa kwenye migahawa ya barabarani, na Kashindye alikuwa anasita. Faini yenyewe ndiyo hii: umfundishe. Wewe, si mwingine. Alisema, "Nilipokuwa chini pale msibani, nilikasirika kuangushwa na binti. Kisha nikamtazama wa kwangu nikajiuliza, huyu akikabwa na mtu asiye mtani, nani atakwenda chini?" Nimemwambia nilishakataza. Akasema vizuri, basi nikatae faini ya mtani nione. Kwa hiyo, kidesturi, sina namna.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya desturi, wala nyuma ya Msukuma. Niliogopa maneno ya kisimani kuliko nilivyokuogopea wewe. Mimi ndiye niliyeishusha mikono yako. Nisamehe, mwanangu. Sijawahi kumwandikia mtu neno hilo, tena mtoto wa dada yangu, na kalamu imekuwa nzito kuliko nyundo ya gengi.

Rudi kwa Mama Generoza. Jifunze hiyo "Nani?" yake mpaka iwe pumzi, umfundishe na Jenipher. Anampiga baba yake kwa maneno tu kwa sasa, ukimaliza naye tutaona. Mkono wa Kashindye umeunga, umepinda kidogo, na ameapa hautanyooka mpaka aishiwe na hadithi.

Ukiwa tayari, njoo. Sharti langu la kwanza bado liko pale pale, nataka unionyeshe, na safari hii nitakushika mimi mwenyewe, nimeshatafuta mahali penye nyasi laini.

Jambo la mwisho. Siku nikifa, Kashindye ataingia kaburini kwangu alale, akatae kutoka mpaka apewe kitu. Watani ndivyo wafanyavyo. Tafadhali, kumtoa waachie wengine.

Mimi mjomba wako,
Beda