Maji ya Kwanza ya Kafal

Kathmandu, 12 Kartik

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Goti la maksai wetu Tare je? Mimi mzima wa mwili, moyo umechoka. Magome ya mti wa kafal unayokandia wagonjwa, yale uliyonitumia, nimeyasaga, nimeyaloweka kwenye spiriti, nimeyatenganisha sehemu kumi na nne nikitafuta kile kinachotuliza uvimbe. Hakuna kitu! Panya wangu wa majaribio miguu imevimba vilevile. Profesa Upreti kasema mwisho wa mwezi wa Falgun, miezi minne tu kuanzia sasa: nisipopata, meza yangu ya maabara anapewa mwingine, nami narudi nyumbani bila shahada. Nitumie mengine.

Binti yako, Tulsara

Palpa, 3 Mangsir

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama anakutumia gundruk ya mboga alizozichachusha mwenyewe. Tare karuka ua jana kala mboga za watu, goti limepona kabisa. Usiulaumu mti, hao panya wa mjini wana kiburi tu. Nimekata mengine, upana wa kiganja, nikayatengeneza vizuri kuliko mara ya kwanza.

Baba yako

Kathmandu, 9 Magh

Baba,

Shikamoo. Sijambo ya mdomoni tu. Safari hii ndiyo mbaya zaidi! Profesa kanicheka mbele ya wenzangu: "Baba yako anatibu kwa maneno, si kwa magome." Nimelia chooni. Hebu niambie, unayatengenezaje?

Binti yako

Palpa, 28 Magh

Mwanangu,

Marahaba. Huyo profesa na akome! Kwani umesahau gome bichi la kafal huua samaki mtoni? Mgonjwa namkanda kwa hilo bichi kwa mkono wangu, najua kipimo. Lakini gome likitoka nyumbani bila mimi, lazima litolewe sumu: linachemshwa kutwa, maji ya kwanza yanamwagwa, ndipo linakaushwa. Ndivyo babu yako alivyofanya. Nikuue wewe na panya wako? Haya ya mwisho niliyachemsha mara mbili. Maji nayamwaga zizini, pale Tare anapolala.

Baba yako

Kathmandu, 6 Falgun

Baba!

Salamu baadaye. Miezi yote hii unanitumia makapi, dawa yangu anaogelea Tare! Nitumie mabichi. Usichemshe, usioshe, hata usiyapulize. Siku zinaisha!

Tulsara

Palpa, 17 Falgun

Mwanangu,

Siku hizi shikamoo huna? Haya, marahaba. Nimechelewa kwa sababu Jumanne na Jumamosi ni mwiko kukata gome, hata kwa profesa. Nimemwomba babu yako radhi. Gome bichi halijawahi kutoka nyumba hii. Nimeandika SUMU pande zote za kifurushi. Usilambe vidole.

Baba yako

Kathmandu, 9 Chaitra

Baba,

Shikamoo, shikamoo tena kwa ile uliyonidai. Kifurushi kilifika Falgun imekwisha, Chaitra imeshaingia. Watu wa posta waliliona hilo neno lako SUMU, wakakiweka kando siku nane! Meza ilishachukuliwa. Nilikukasirikia, baba, sikufichi. Sarmila, aliyepewa meza, aliniona nimekumbatia kifurushi mlangoni, akaniachia pembe moja ya meza kwa siku tatu.

Dawa iko katika sehemu ya sita kati ya zile kumi na nne. Unga wa kahawia, haujazi ukucha. Miguu ya panya ilinywea siku ileile.

Profesa aliwashika panya mmoja mmoja, akawapima upya mwenyewe. Pole hakunipa. Nikamsomea barua zako, ile ya goti la Tare kupona na ile ya maji ya zizini. Akavuta kiti mezani kwa Sarmila, akafungua daftari, akauliza: "Huyo ng'ombe, goti lipi?"

Nimesahau, baba. La kulia au la kushoto? Jibu upesi, anasubiri.

Binti yako, Tulsara