Kidole cha Petro

Jumanne, Temeke. Jua kali tangu asubuhi, na hewa nzito, shati limenigandia mgongoni. Hata chai ya saa kumi imenishinda.

Jana karani mmoja wa Boma, niliyewahi kumtengenezea kitanda, alinivuta kando nje ya msikiti. Alhamisi watapita karakana zote za huku kukagua vipande vya kazi, zile kadi za serikali zenye jina la mtu, alama za mwili wake na siku alizofanya kazi. Asiye na kipande chake atarudishwa kwao, na aliyemwajiri ataitwa kujieleza.

Basi leo nimejiandaa, kama mwajiri mwenye akili zake. Nilikusanya vipande vya mafundi wangu wanne nikavilinganisha na daftari, jina kwa jina. Vitatu havina neno. Cha nne ni cha Petro, fundi wangu wa kuchonga.

Kipande kinasema hivi: Petro, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kimekatika.

Petro wangu ana vidole kumi.

Nisijidanganye humu ndani. Nilijua tangu siku ya kwanza, miaka minne iliyopita. Alininyooshea kipande, nikasoma, nikautazama mkono, kisha nikakitazama kigoda alichokichonga mwenyewe. Nikamwambia aingie.

Petro wa kweli ni kaka yake. Aliugua akarudi kwao, ng'ambo ya Ruvuma kwa Wareno, akamwachia mdogo wake kipande kama mtu anavyoachiwa jembe. Huku kwetu si ajabu. Anayeumwa humtuma nduguye akamfanyie siku zake, kipande kinajaa, hakuna anayeuliza. Lakini siku mbili tatu si miaka minne.

Jina lake ni Anselmo. Nimelijua leo. Muda wote huo nimemwita kwa jina la kaka yake, naye akaitika.

Nilimwita nyuma ya karakana, penye mbao, nikamweleza habari ya Alhamisi. Nilitegemea akasirike, au akimbie. Aliutazama mkono wake wa kushoto, akaugeuza, akasema taratibu, "Mie siogopi, Bwana Fundi. Kama ishakuwa neno la kidole, msumeno si upo?"

Akacheka. Nami nikacheka, halafu nikaona mwenzangu hacheki tena.

Tangu hapo situlii. Fremu ya dirisha nimeipima mara mbili na bado nimeikata kombo. Nikawaza nimwambie Alhamisi asije, akajifiche kwa jamaa zake Kigamboni. Mke wangu, ambaye sikumwomba ushauri, akasema, "Baba Siwema, njia ya mwongo fupi. Alhamisi hii atajificha. Na Alhamisi nyingine je?"

Nilimkemea. Ndiyo tabia yangu, anayesema kweli namkemea kwanza.

Lakini nimeamua. Kesho asubuhi, kabla wao hawajaja kwangu, nitakwenda naye Boma. Nitasema mimi ndiye niliyemwandika, na nilimwandika nikijua. Huenda wakampa kipande chake mwenyewe. Huenda wakampakia kwenye meli ya kusini nikiwa nimesimama pale pale, na mimi ndiye niliyempeleka. Naogopa. Na sijui kama namtendea haki au najisafisha mwenyewe.

Kwenye daftari nimekata "Petro" nikaandika "Anselmo". Wino umechafua ukurasa mzima.

Mafundi walipotawanyika nilikusanya misumeno yote, patasi na tezo, nikavifunga kwenye gunia nikaja navyo nyumbani. Mke wangu akauliza gunia la nini. Sasa liko chini ya kitanda, nami nimekaa juu yake naandika, nikijiona nimefanya la maana.

Lakini Anselmo ni mchongaji. Nyumbani kwake atakosaje kisu?

Kesho ni mbali. Navaa viatu niende kwake sasa hivi.