Siku Idrisa alipobutua kombo

Jumapili, Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi bado sijatulia.

Leo nimemwona mwanangu Idrisa kwenye televisheni. Anasoma chuo kikuu Marekani, yuko kwenye timu ya ule mpira wao wa kuvaa helmeti. Kazi yake ni moja tu: kuubutua mpira uende mbali. Alijifunza hapa hapa Sydney, shuleni, wakamwona, wakamtaka.

Nikiri jambo. Vyuo viwili vilimtaka. Kimoja kilikuwa kinashinda kila msimu, na kilimwahidi nafasi. Yeye akachagua kile kikongwe, kilichobeba kombe mara ya mwisho kabla hajazaliwa, ila kila mtu bado anakiita kigogo. Nikamuuliza, ukigogo gani huo bila vikombe? Tuliagana uwanja wa ndege tumenuniana.

Mwaka mzima amekaa benchi. Leo mwenzake aliumia, akaingizwa.

Uwanja ule, ya Rabi! Umati wa vile nimeuona kwenye picha za Hija tu. Mabibi, wajukuu, wote wamevaa rangi moja, wanaimba mpaka spika yangu inakoroma.

Akabutua. Mpira ukaenda kombo, ukatoka nje hatua chache tu kutoka aliposimama. Nikajifunika uso kwa kanga, nikingoja wamzomee.

Wakampigia makofi.

Timu ikapigwa vibaya sana. Mvua ikawanyeshea. Hakuondoka mtu.

Saa tano asubuhi Idrisa akapiga simu, akiongea Kiingereza kama kawaida yake. Mlangoni mwa uwanja alikuta wazee watatu wamemsubiri, mmoja ana mkongojo. Wote walikuwa wabutuaji wa timu ile ujanani, kila mmoja kwa zamu yake, na hawajaacha kuja. Walisimama mvuani wakimngoja yeye, mtoto wa mama wa Tanga, aliyeharibu. Yule wa mkongojo akamshika bega: "Mpira wangu wa kwanza ulimpiga kocha wetu kichwani. Sasa wewe ni mwenzetu."

Nikawaza: Kombe utalichukua mwaka huu, mwakani likaenda kwingine. Wazee kama wale utawapata wapi?

"Mama, bado upo?" Safari hii kwa Kiswahili.

"Nipo. Ulichagua vizuri, mwanangu. Nisamehe."

Hapo ndipo alipolia.

Kesho nikifika kazini hospitali ya Westmead nitamwomba msimamizi asinipangie tena zamu ya Jumapili asubuhi, maana mechi zao za Jumamosi huku kwetu huwa kumeshakucha Jumapili.