Chungu cha Bibi Katika Moto wa Lulimba

Lulimba, siku ya soko

Mama yangu,

Nakusalimu, na magoti yako nayasalimu pia. Yamepata nafuu, au bado unashuka ziwani ukijikongoja na kukataa fimbo? Mimi ni mzima wa mwili. Ila nimechoka, mama, uchovu ambao usingizi hauutoi.

Kazi ni ileile: kufinyanga vyungu vidogo vya kuyeyushia dhahabu, kila kimoja kama kikombe cha chai. Zamani mafundi wa hapa walingoja vya kiwandani kutoka mbali, hadi bwana mwenye karakana aliposema binti wa mfinyanzi wa Swima ataviweza. Basi nilijivuna. Nikatumia donge alilonipakilia kaka Asende, lile ulilokwisha kulichanganya na mchanga wa ziwa kama siku zote.

Vikatoka vizuri, ukivigonga vinalia. Baada ya siku nne kimoja kikapasuka motoni, dhahabu ikamwagika, fundi akaungua mkono. Bwana hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma.

"We Wabiwa, mukono ya muntu imeungua. Nakupatia moto moja tu. Vikipasuka tena, rudia kwenu."

"Ndiyo, papa."

"Na usiniambie ni shetani."

Nilivunja vilivyobaki nikatazama ndani. Vidoa vyeupe! Vipande vya makombe ya konokono wa ziwani, vilivyokuja na ule mchanga, mama. Katika moto wako wa nyasi havidhuru kitu, lakini mkaa wetu unaopulizwa na feni unavigeuza chokaa. Chokaa inanyonya unyevu, inavimba, chungu kinapasuka. Si kosa lako. Ni mimi niliyedhani moto wote ni mmoja.

Udongo upo hapa mtoni, ila ukiwa peke yake unafanya nyufa ukikauka. Udongo huo ulihitaji unga wa chungu kilichokwisha kuungua, kama alivyokuwa akitia bibi. Vile vyangu vina chokaa, havifai. Nikazunguka Lulimba nzima kuomba vigae. Kila nyumba ni sufuria na plastiki. Mwishowe nikarudi chumbani, nikakitazama chungu cha bibi ulichonifungia kwa kitenge siku niliyoondoka.

Nimekisaga, mama. Nilitwanga huku nalia, jirani akaja akidhani kuna msiba.

Vyungu vipya vimehimili moto. Fundi mwenyewe, mkono ungali na bandeji, ndiye aliyemimina wa kwanza. Kazi ninayo.

Nisalimie shangazi anayekaanga mandazi, na mjomba shemasi. Mwambie Asende asinipakilie tena donge lenye mchanga. Barua hii akusomee yeye, si mjomba, maana mjomba ataruka habari ya chungu ili usiumie.

Kwa simu sikuweza kukuambia. Lakini wewe ukikasirika, nipigie unitukane, hata mbele ya watu. Ila usininyamazie, mama.

Binti yako,
Wabiwa