Kwa Furman Gasque wa Waccamaw Tides, Aliyeanzisha Nyimbo kwa Kidevu

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumapili ile ulipoirudisha saksafoni kwenye sanduku lake, ukasema unajilaza kidogo kabla ya chakula, na hukuamka. Watu wanatuuliza tunaendeleaje. Tunajibu tunaendelea vizuri, maana hakuna jibu jingine linalotoka.

Tunakukumbuka na suruali yako nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe, na viatu vya ngozi bila soksi hata Januari. Karanga za kuchemsha mfukoni, maganda yake kwenye kiti cha gari, na Mama akigomba toka Conway hadi ufukweni Ocean Drive. Ulimsikiliza yote, kisha ukamwuliza, "Nell, umemaliza, au niegeshe kwanza?"

Bendi yenu, Waccamaw Tides, ilianzia kwenye ghala la tumbaku. Mlikuwa vijana wa mashambani, mikono bado inanata utomvu, mkapiga nyimbo mlizozishika kwenye mashine za santuri za pwani, nyimbo za Weusi ambazo redio ya kwetu haikuthubutu kuzigusa. Wazazi wenu walisema ni uhuni utakaoisha na msimu. Msimu ukaisha, ninyi mkabaki. Wapiga tarumbeta walikuja wakaenda, mmoja akawa mchungaji, mwingine daktari wa meno. Disko nalo likaja likapita. Ninyi mliendelea na mdundo uleule wa kutelezea, ule unaomwezesha mtu kucheza shagi, dansi yetu ya pwani, na glasi ya bia mkononi isimwagike.

Mwenye ukumbi mmoja huko bara aliwahi kumwambia mwimbaji wenu Lemuel Bellamy apitie mlango wa jikoni, kwa kuwa ni Mweusi. Hukupaza sauti. Ulimwambia dereva ageuze basi. Njiani Lemuel akalalamika, "Furman, si ungesubiri nile kwanza! Jikoni ndiko kwenye kuku!" Mlicheka hadi mkavuka mto. Lemuel aliisimulia tena hadithi hiyo kwenye mazishi yako na kanisa zima likacheka, isipokuwa Mama.

Wala hakulia. Akina mama wa kanisani walimsifu kwamba ana nguvu. Hakuwa na nguvu yoyote, Baba, alikuwa amekufa ganzi. Alipika ule wali wako wa kuku na soseji, akaupakua, akautazama hadi ukapoa. Tukimwuliza anajisikiaje, anasema, "Sijisikii chochote. Nipeni hiyo chumvi." Na kule ukumbini Ocean Drive, mlikokuwa mkipiga kila Jumapili alasiri, akakataa katakata kukanyaga.

Huko ukumbini mambo yakaharibika. Wade, kitinda mimba wako, ndiye aliyeishika bendi, akiiongoza kutoka kwenye ngoma zake. Kupiga anajua, lakini kila wimbo ulimtoka mbio. Na wacheza shagi unawajua, hawazomei. Wimbo ukizidi mwendo wanaondoka sakafuni kistaarabu, wanakwenda kununua bia. Majira yote ya baridi Wade aliipigia sakafu tupu. Mwenye ukumbi akamwambia, kwa upole tu, kwamba mkusanyiko wa wacheza shagi wa Aprili nao ukiwa hivyo, zamu ya Jumapili alasiri atampa mtu wa kupiga santuri. Wade akaja nyumbani akatutangazia kuwa Jumapili ya mkusanyiko itakuwa ya mwisho ya Waccamaw Tides.

Mama akasema, "Haya." Akaendelea kukunja taulo.

Ijumaa ya mkusanyiko Lemuel akaja nyumbani, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Shemeji, Jumapili unakuja."

"Kufanya nini? Sitaki kucheza na mtu."

"Nani kakwambia ucheze? Hebu niambie, Furman alikuwa anaanzishaje wimbo?"

"Kwa kidevu. Anatazama chini, anashusha kidevu, mnaanza. Maskini, miaka yote ile bado alikuwa anaogopa watu."

Lemuel alicheka hadi akakohoa. "Furman aogope watu? Mtu aliyekwenda kupiga saksafoni kwenye harusi ya mchumba wake wa zamani, na akala keki? Alikuwa anatazama miguu yako, Nell! Wewe subira huna. Bendi ikichelewa kidogo, unaanza kupiga hatua peke yako pale kwenye kona ya jukwaa. Anakutazama, akiridhika anashusha kidevu. Bendi nzima tulikuwa tunakufuata wewe."

Mama aliliweka mezani taulo alilokuwa akikunja. "Mbona hakuniambia?"

"Angekwambia, ungeanza kujitazama ukaharibu. Si unajijua?"

Jumapili alikuja. Alivaa viatu vyake vya kuchezea, akasimama kwenye kona yake, mkoba bado begani. Wade akainua vijiti. Lemuel akamgeukia, "Tulia wewe. Mtazame mama yako miguuni."

Mama hakufanya kitu. Alisimama hadi sisi tukaanza kuona aibu kwa niaba yake. Kisha mguu ukatoka. Alipiga hatua bila muziki, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama ulivyozoea kushikwa, na uso wake haukuwa na lolote, kama wa mtu anayesubiri benki ifunguliwe. Wade akatazama. Akatazama tena. Akashusha kidevu, na ndipo tulipoona kwamba kidevu hicho ni chako.

Wimbo uliingia taratibu, Baba. Kama ulivyokuwa ukiingia enzi zako. Watu waliziacha bia zao mezani wakarudi sakafuni, na sakafu ikajaa hadi mlangoni. Mama alicheza mpaka mwisho. Mkono ule haukushikwa na mtu, wala hakuna aliyethubutu kuuomba. Mwenye ukumbi alimpigia Wade kelele kutoka kaunta, "Jumapili ijayo, usichelewe!"

Ndani ya gari tulimwuliza Mama anajisikiaje, akajibu hajisikii chochote. Tulipofika akaketi kwenye ngazi za baraza, akavua viatu, akavishika vidole vya miguu.

"Miguu inaniuma," akasema. Kisha kwa sauti ya kusikika kwa majirani, "Furman! Miguu inaniuma!" Akaanza kulia. Tulimwacha alie, Baba, na tulifurahi kuliko tunavyoweza kueleza, kwa sababu hicho kilikuwa kitu cha kwanza kumuuma tangu uondoke.

Unakumbukwa na mkeo Nell. Watoto wako Rhonda, Marion na Wade. Dada yako Eulalie. Wajukuu wako wote. Na ndugu yako Lemuel Bellamy, ambaye ameagiza jina lake lisipitishwe jikoni. Hatutakusahau, Baba, siku zote, na kila Jumapili alasiri.